Sukari ya Paka wa Bi. Zeinab

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sufuria. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti kiko ndani ya bahasha, viatu nimevipiga rangi, na nilitarajia kukabidhiwa ng'ombe. Afisa wa Mifugo wa Garsen, mtu mfupi mwenye sauti nzito, hakuniuliza cheti wala jina. Alinionyesha sufuria iliyojaa sindano za chuma na mabomba ya kioo, akasema, "Chemsha. Zikishachemka ndipo tutajuana."

Nikachemsha. Enyi mliozaliwa na mabomba ya plastiki, ya kudunga mara moja na kutupa, jueni kwamba kwetu sindano moja ilihudumia zizi zima, ikarudi kwenye sufuria, kesho yake ikaenda zizi jingine. Ikiwa butu tuliinoa kwa jiwe. Wenye kucheka na wacheke. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, na tofauti yake na daktari ni hii: daktari amesoma chuo kikuu na ndiye anayeamua dawa, msaidizi anashika pembe na kudunga. Watu wa Garsen hawana habari na tofauti hiyo. Kila mwenye sindano kwao ni daktari, nami nilichoka kukataa jina hilo zamani sana.

Mimi ni Mpokomo wa Ngao, mtoto wa mpunga na migomba kando ya mto. Nyumbani ng'ombe tuliwaona wakishuka kunywa maji, na mara nyingi walipopita, mahindi yetu nayo yalipita. Marehemu baba aliposikia nimekwenda kusomea kuwatibu, alisema, "Basi utakuwa ukiwatibu wakishiba shamba langu." Nilikwenda hivyo hivyo.

Yule Afisa alinifundisha mengi, na mengine kwa matusi ambayo sitayaandika. Lakini jambo alilolishikilia kuliko yote ni kwamba mnyama akifa lazima sababu ijulikane. Niliwahi kurudi kutoka zizi moja nikamwambia ndama kafa tu. Alivua miwani. "Kafa tu ni nini? Hakuna mnyama anayekufa tu. Rudi, mpasue, tazama mapafu, tazama ini, tazama tumbo lina nini, ndipo uje useme." Nilirudi kwa miguu, jua kali, nikampasua ndama aliyekwisha kuvimba. Tumboni mlikuwa na mfuko wa nailoni umejikunja. Tangu siku hiyo sikuthubutu kulitamka tena neno lile mbele yake.

Kutoka Garsen nilihamishiwa Ndera, juu ya mto, kwenye msitu wa ndorobo. Ndorobo ni yule nzi anayeuma hata juu ya nguo na kumwachia ng'ombe ugonjwa wa kumkausha: manyoya yanasimama, macho yanaingia ndani, na kila siku anabaki nyuma ya kundi kidogo zaidi. Mkuu wangu huko alikuwa Mkaguzi wa Mifugo, mpole, mgonjwa wa kifua, aliyekohoa kila baada ya sentensi. Dawa ya ndorobo hutolewa kwa uzito, na mizani hatukuwa nayo, hivyo tulimpima ng'ombe kifuani kwa kamba yenye alama. "Buya," alikuwa akiniambia huku akikohoa, "dawa ikipungua haiponyi, ikizidi inaua. Uzoefu ni kujua katikati ni wapi." Alikufa akiwa bado kazini, na nafasi yake ilikaa wazi muda mrefu sana.

Nilifanya kazi Golbanti pia, nikivusha chanjo kwa mtumbwi ndani ya kisanduku cha barafu. Chanjo ikipata joto inakufa. Ukimdunga ng'ombe chanjo iliyokufa hutaona dalili yoyote; mwenyewe atakushukuru, atakupa maziwa, na ugonjwa ukija atazika kundi. Kwa hiyo tuliishi kwa kutunza baridi katika nchi isiyokuwa na baridi. Barafu ikiisha tuliweka chupa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga uliolowa katikati yake. Hili lilinifaa baadaye, mahali ambapo sikulitegemea.

Sitaeleza habari za ukame kwa urefu. Kazi ya msaidizi wa mifugo wakati wa ukame ni kutembea katikati ya mizoga akiwa na mkoba wa dawa ambazo hazitibu njaa. Wazee wa Kiorma walinitazama mkoba, wakanitazama uso, wakageukia upande mwingine. Hawakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa nimerudishwa Garsen, ofisi ile ile, ila sufuria haikuwapo tena. Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa Kisomali, mtu mzima, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa mtandio. Nilimfahamu kwa kumwona: Bi. Zeinab, mjane, anayeshona mashuka nyuma ya soko. Akafunua. Ndani mlikuwa na paka dume wa kijivu, mbavu zinahesabika.

"Daktari, hii paka inakunywa maji kama ngamia ametoka safari," alisema. "Inakula, inakula, na bado inakonda. Na pale inakojoa, sisimizi wanakuja."

Nilicheka. Nilikuwa na foleni ya wenye mbuzi nje. "Mama, serikali ilinisomesha ng'ombe."

"Ng'ombe iko na daktari wengi," akasema. "Hii iko na mimi peke yangu. Tafadhali."

Nikamtoa paka kikapuni nikamweka chini. Hapo kicheko kilikwisha. Paka mzima hutembea kwa ncha za vidole. Huyu nyayo zake za nyuma zilikuwa zimelala chini mpaka kwenye kisigino, anajivuta. Sikuwahi kuona hivyo. Nikampigia simu Daktari wa Mifugo wa Kaunti, aliyekuwa Hola, mwanamke kijana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mzee Buya, hicho ni kisukari," alisema. "Sukari ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo maana anakanyaga kwa visigino. Kinatibika. Lakini kinatibiwa nyumbani, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Mwenyewe ataweza?"

Nikamwuliza Bi. Zeinab kama ataweza. Akajibu kwamba yeye husimama mbele ya Mungu mara tano kwa siku, mara mbili kwa paka hazitamshinda.

Kisa cha paka yule nilikijua polepole. Aliitwa Bisad, ambalo kwa Kisomali ni paka tu. Yusuf, mtoto pekee wa Bi. Zeinab, alimwokota akiwa mdogo na hakujisumbua kumtafutia jina jingine. Halafu Yusuf akaenda Afrika Kusini kusimamia duka la mtu. Alipoaga alimwambia mama yake, "Nitunzie Bisad, nikirudi nimkute." Miaka ikapita. Simu zikawa za Idd tu, tena fupi, hujambo sijambo, kaa salama mama. Vijana wenzake walioondoka naye, wengine walirudi ndani ya sanduku. Bi. Zeinab alishika neno moja tu katika yote: nikirudi nimkute.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Dawa ni insulini, ile ile ya watu, na ilikuja na basi kutoka duka la dawa Malindi. Nilimtengenezea Bi. Zeinab chungu ndani ya chungu, na mchanga uliolowa, kwa kuwa friji hakuwa nayo. Chupa haitikiswi, inazungushwa taratibu kati ya viganja mpaka maji yote yawe meupe sawasawa. Bomba lake ni jembamba mno, limechorwa vistari vidogo viitwavyo uniti, na paka anahitaji kistari kimoja au viwili. Mimi niliyezoea kumjazia fahali bomba zima, nilivihesabu vile vistari mara tatu. Ngozi ya ubavuni unaivuta juu kidogo, unadunga chini yake, basi. Bisad hakufungua hata macho.

Kupima ndiko kugumu. Daktari wa Kaunti alitukataza kumpima ofisini. "Paka akiogopa sukari inapanda yenyewe," alisema. "Mtapata namba ya woga, siyo ya ugonjwa. Mpimeni kwao, akiwa amelala mahali pake." Kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwa Bi. Zeinab, chumba kimoja kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti. Unamwosha sikio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ili damu ije karibu, unamchoma kidogo ukingoni, tone linatoka dogo kama mbegu ya mtama, unaligusisha kwenye kijiti cha mashine ya kupima sukari, mashine inafikiri, inasema. Siku ya kwanza ilisema ishirini na saba. Paka mzima hafiki hata nusu ya hapo.

"Kwanza ale, ndipo adungwe," Daktari alikuwa ametuagiza. "Asipokula, msimdunge, nipigieni. Asali iwe karibu siku zote. Mkimwona analegea, anayumba, jueni sukari imeshuka mno, mpakeni kwenye fizi kwanza, simu baadaye. Na dozi mtu asiiguse bila kuniuliza." Bi. Zeinab alikariri maneno hayo kama sura. Kila alipodunga alisema bismillahi, kwa sauti, na mwanzoni alifunga macho mpaka nikamgombeza.

"Mama, utadunga kidole chako!"

"Haye, haye. Nimefungua."

Kisha likatokea jambo ambalo hatukuliomba. Bi. Zeinab alimpigia Yusuf kumweleza kwamba Bisad anaumwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, simu ikalia. Alikuwa na kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo isiyojua picha, na kwa kuwa masikio yamepungua aliifungua sauti yote, chumba kizima kinasikia. "Mama, Bisad ngapi leo?" Akamwambia. Ijumaa ya pili akapiga tena. Ya tatu vilevile. Alianza na namba ya paka, halafu akauliza mgongo wa mama yake, halafu akaeleza baridi ya huko, na mteja aliyemtukana, na ndoto aliyoota. Yeye ndiye aliyekuwa akiilipia kwa simu ile dawa ya Malindi. Siku moja nikiwa namsaidia kubadilisha mchanga wa chungu, Bi. Zeinab alisema, "Tangu hii paka iumwe, Daktari, nimepata mtoto yangu tena." Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikaona haya kumtazama.

Bisad alipata nafuu. Namba zilishuka, maji akaacha kuyanywa kwa pupa, na visigino vikaanza kunyanyuka. Asubuhi moja alivuka kizingiti mwenyewe, akaenda mpaka mlango wa pili kwa Mama Dhadho, Mworma anayeuza maziwa. Nilisikia vigelegele, nikafikiri ni harusi. "Bisad anatembea! Njooni muone, Bisad anatembea!" Kichochoro kizima kilitoka. Tulicheka siku ile, na nafurahi kwamba tulicheka.

Baada ya hapo namba zikaanza kupanda tena.

Daktari wa Kaunti aliuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa. Dawa imepata joto? Hapana, chungu kilikuwa baridi. Sindano inaingia? Inaingia, nimeshuhudia. Anakula nini? Bi. Zeinab akajibu kweli tupu: samaki wa mto na nyama kidogo, asubuhi na jioni, kwa mkono wake. Tukampima siku nzima, kila baada ya muda kidogo, ili kuona sukari inavyopanda na kushuka. Alikuwa amefungiwa ndani siku ile, akilia mlangoni, na tukadhani hasira ndiyo iliyozivuruga namba. Daktari akaongeza dozi kidogo. Namba zikatulia, halafu zikapanda. Akaongeza tena. Kwa namba alizopewa, hata mimi ningeongeza.

Ramadhani ikaingia. Mimi ni Mkristo, lakini ukiishi Garsen unaijua Ramadhani hata kama hufungi, na nilikwenda kumwuliza Bi. Zeinab atafanyaje.

"Paka haifungi, Daktari," alinicheka. "Mimi nikila daku, yeye anakula, nadunga. Futari hivyo hivyo."

Nikaona ni sawa. Nilimwuliza Daktari wa Kaunti, naye akaona ni sawa. Tulifikiria kila kitu kinachopikwa ndani ya chumba kile.

Katika siku zile za mwanzo za mfungo, alasiri, nikiwa ofisini, Bi. Zeinab alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani, jambo ambalo sijapata kuliona. Alinyosha kidole kuelekea kwao. Tulikwenda. Bisad hakuwa nyumbani. Alikuwa amelala mlangoni kwa Mama Dhadho, ubavu chini, miguu inapiga hewa, povu mdomoni. Nilimchoma sikio. Mashine haikutoa namba, iliandika kwamba ni chini kuliko inavyoweza kusoma. Bi. Zeinab alikuwa amekwisha kuleta asali. Akaingiza kidole kwenye chupa, akampaka fizi, akaingiza tena, akapaka tena, anasema "Kula, abbo, kula," kama anayembembeleza mtoto, asali inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yeye tangu alfajiri hajatia tone la maji kinywani. Nikampigia Daktari. Akasema tuendelee, tumweke pajani, tumpashe joto. Tuliendelea. Miguu ikapunguza kupiga, nikafikiri ni nafuu. Haikuwa nafuu.

Nilipomwinua nikaona kikombe cha bati. Kilikuwa pale pale alipolala, kando ya mlango, kikavu, na ukingoni kina utando wa maziwa uliokauka.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Cha Bisad," akasema Mama Dhadho, analia. "Kila siku namwekea chai ya maziwa. Mgonjwa hanyimwi. Na sasa ni mfungo, sipiki mchana, si unajua? Alikuja juzi na jana akakaa hapa ananitazama. Nikamwambia Bisad, ngoja futari."

"Chai ina sukari?"

"Chai gani haina sukari?"

Jirani wa tatu akasema yeye humpa wali wa nazi wa mabaki. Mwingine humchovyea mkate kwenye chai. Kinyozi wa mbele ya msikiti humpa halua kidogo, paka anaipenda sana, akasema, na kumlisha paka mgonjwa kuna thawabu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nilisimama na mzoga mikononi nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Miguu ilipopona ndipo alipoanza kutembea, alipotembea ndipo kichochoro kilipomlisha, kilipomlisha ndipo namba zilipopanda, nasi tukaongeza dawa kuzikimbiza. Dozi ile ilikuwa ya paka anayekula nyumba zote. Halafu Ramadhani ikazima majiko yote ya mchana mara moja, na dawa ikabaki peke yake ndani ya mwili wake, haina cha kufanyia kazi.

Nilimzika mwenyewe, upande wa mtoni. Niliporudi, Bi. Zeinab alikuwa ameketi kitandani, asali imemkauka mkononi.

"Ni mimi nimeua?" akauliza. "Sindano yangu?"

Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Nikamwambia ukweli wote, hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kumweleza mkubwa wangu. Chai, wali, halua, miguu, dozi, mfungo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dhadho anajua?"

"Hajui. Anadhani ni ugonjwa tu."

"Basi asijue." Akanishika mkono, mara ya kwanza na ya mwisho kunishika. "Wao walifanya kwa Mungu. Wewe waambie ni uzee. Tafadhali, Daktari. Hii ibaki na mimi."

Nikatoka nje nikawaambia ni uzee. Wakaitikia, inna lillahi, wakaenda kuwasha majiko ya futari. Nilitembea mpaka nyumbani kwangu nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Ningempata mtu mwovu katika habari ile ningeshukuru.

Ijumaa ilipofika nilikwenda kukaa naye, maana nilijua simu italia. Nilidhani atamwambia. Nilikuwa nimejiandaa hata kuipokea simu mimi, nimweleze kijana kitaalamu. Ikalia. Sauti ikajaza chumba: "Mama, Bisad ngapi leo?"

Bi. Zeinab alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu anayezama.

"Kumi na mbili," akasema.

"Mashaallah! Kumi na mbili! Na anakula?"

"Anakula. Sasa amelala."

Wakazungumza muda mrefu, mgongo, baridi, mteja. Alipokata simu alikaa nayo pajani. "Nimesema uongo ndani ya Ramadhani," alisema. "Funga yangu ya leo imekwenda bure." Halafu akalia, na mimi nikamwacha alie.

Nilistaafu mwaka huo huo. Palikuwa na soda na hotuba, Daktari wa Kaunti alikuja kutoka Hola akanisifu kuliko ninavyostahili, nikarudisha pikipiki na kisanduku cha barafu, nikapiga picha na vijana ambao hawajawahi kuona bomba la kioo. Waliniomba neno la kuwaachia. Niliwaambia mkimtibu mnyama, ulizeni kwanza anakula kwa nani, siyo anakula nini. Walipiga makofi. Kama wameelewa sijui.

Watu hufikiri mtu akistaafu anapumzika. Mimi mchana nalala vibaya, na nikilala naota mizoga. Nikikaa nayahesabu maisha yangu ya kazi, wale niliowaponya hawanijii. Walikwenda zao malishoni, ng'ombe hana habari na aliyemdunga. Wanaonijia ni wale wengine. Na Bisad, aliyekuwa mdogo kuliko wote, anakuja wa kwanza.

Bado nina kazi moja. Kila Ijumaa kabla ya sala kwisha naenda kwenye kile kichochoro, naketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mama Dhadho ananiletea chai. Anafikiri nakuja kumliwaza mjane mwenzangu, kwa kuwa nami nilifiwa na mke, na watu wameanza kutania. Watanie tu. Yusuf bado analipia dawa, nayo inakuja kwa basi. Chupa mpya nazipeleka hospitali, wapo binadamu wanaozihitaji. Hajasema atarudi lini. Anasema karibu, inshallah, na mwaka unapita. Najua siku moja itabidi tumpe Bisad siku ya kufa, na atakayeulizwa ni ipi ni mimi. Daima siku hiyo tunaisogeza mbele.

Ijumaa hii nilipofika alikuwa ameshaiweka simu mezani, amejifunga mtandio vizuri kama anayengoja mgeni.

"Daktari," akasema, "leo nimwambie ngapi?"

Nilifikiri kama ninavyofikiri kila juma. Nikimpa namba nzuri sana, kijana ataridhika, ataona paka amepona, simu zitarudi kuwa za Idd. Nikimpa mbaya sana, atasema mama, mwache apumzike, msimdunge tena.

"Kumi na nne," nikamwambia.

"Si kubwa hiyo?"

"Ni kubwa kidogo. Atapiga tena."

Akaitika. Akawa anairudiarudia kwa sauti ndogo, kumi na nne, kumi na nne, asije akaisahau, mpaka simu ilipolia.